MIKONO HAIUI ULIMI

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hujigamba kwamba twaipenda lugha. Je, lugha ni mdomo tu? Leo nataka kusema juu ya kosa ambalo watu wazima hulifanya kwa nia njema, na ambalo kwetu nyumbani tulilifanya pia.

Mdogo wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane. Alipona, lakini masikio hayakupona. Mtaalamu mmoja alimwonya mama: "Msimzoeshe ishara. Akizoea mikono, ulimi utalala." Basi tukatii. Akinyoosha kidole kuomba maji, tulimnyima eti mpaka aseme. Jamani, asiyesikia atasemaje? Alipofika miaka minne hakuwa na neno hata moja, la mdomo wala la mkono. Usiku mmoja alilia hadi alfajiri. Tulimpa uji, tukamwongezea blanketi, tukambembeleza. Kumbe ni jino! Tulijua asubuhi shavu lilipovimba.

Wapo wasemao kwamba dunia huzungumza kwa mdomo, hivyo mtoto alazimishwe kuuzoea. Hoja hii si ngeni. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka wa 1880 ulipitisha kwamba ishara ziondolewe madarasani. Lakini mwaka wa 1991, watafiti Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto wachanga viziwi wenye wazazi viziwi hubwabwaja kwa vidole, kama wenzao wanavyobwabwaja "ba-ba-ba". Ubongo wa mtoto hutafuta lugha, uipate kwa sikio au kwa jicho. Kinachoudumaza ni njaa ya lugha katika miaka ile ya kwanza.

Mdogo wangu alipelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka sita. Likizo ya kwanza alirudi na ishara za maji, mama, mbwa, na hata za kunisengenya! Je, ulimi ulilala? La hasha! Siku hizi, akivaa kifaa chake cha kusikia, hujaribu kutamka yale maneno ambayo mkono wake tayari unayajua. Sisemi kila kiziwi atazungumza kwa mdomo. Nasema asiyejaliwa hilo asikoseshwe yote mawili.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa mheshimiwa anaruhusiwa, kwa nini mtoto wa miaka miwili akatazwe?

Wazazi, mkigundua mtoto hasikii, anzeni ishara siku hiyo hiyo, huku mkiendelea kumsemesha. Nasi wanachama tujifunze japo salamu. Samaki mkunje angali mbichi. Miaka ile ya mdogo wangu hairudi tena. Ya mtoto wa jirani yako bado ipo.