Kompyuta haifi siku kampuni inapoisusa

Leo tuweke siasa pembeni tuongee kompyuta.

Juni 2005 Steve Jobs alisimama San Francisco mbele ya watengenezaji programu, akatangaza kwamba Apple inaachana na prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Mwaka uliofuata uhamisho ukakamilika, na 2009 ukatoka mfumo wa Snow Leopard ambao haukubali kabisa PowerPC. Kwa Apple, Mac hizo zikawa marehemu.

Mimi nasema hapana. Kompyuta inakufa pale watu wanapoacha kuiandikia programu, na PowerPC bado ina watu wake. Swali ni moja tu: ukitaka kuweka mfumo mwingine usiokuwa wa Apple, uchukue mashine ipi?

Wengi hukimbilia Power Mac G5 ya 2003. Siwalaumu. Ni biti 64, sanduku la aluminiamu linalopendeza, na baadhi zinabeba memori ya GB 8 au zaidi. Lakini kumbuka lina uzito wa karibu kilo 20, na zile za mwanzo zilikuja na pawasaplai ya wati 450 au 600. Wenzangu tunaonunua umeme wa LUKU mnanielewa. Halafu baadhi ya zilizofuata zinapoozwa kwa maji, na yakivuja ndiyo basi tena.

Power Mac G4 ya 2002, ile yenye prosesa mbili, ni ya fundi. Ubavu wake unafunguka kama mlango, diski zinaingia kadhaa, memori inafika GB 2. Kasoro yake ni feni. Kelele zake zilisifika vibaya tangu ikiwa mpya.

Chaguo langu ni Mac mini G4 ya 2005. Ndiyo, ina nafasi moja tu ya memori na mwisho wake ni GB 1. Ndiyo, kuifungua unahitaji kisu chembamba kama cha fundi rangi, na roho ngumu. Lakini adapta yake ni ya wati 85, inakaa pembeni mwa meza na haipigi kelele. Kubwa zaidi, mifumo inaikubali. OpenBSD bado inatoa toleo lake kila baada ya miezi sita. Debian iliiondoa PowerPC ya biti 32 kwenye orodha rasmi katika toleo la 9, mwaka 2017, ila watu wa kujitolea wanaendelea kuitengeneza. MorphOS, yenye asili ya Amiga, ni nyepesi kiasi kwamba GB 1 inatosha na kubaki, na ina kivinjari chake, Wayfarer. Unaijaribu bure, ila baada ya dakika 30 inapunguza kasi mpaka uwashe upya au ulipie leseni.

Najua kuna atakayesema Raspberry Pi ya bei poa inaiacha mbali mini hiyo. Kweli kabisa, kwa kasi sibishani. Lakini PowerPC ya Mac hupanga baiti za namba kinyume na Intel, na programu iliyoandikwa kivivu huumbuka humo. Kosa lililojificha miaka kwenye mashine zetu za kawaida linaonekana siku ya kwanza. Wanaohangaika na mashine hizi wanatusafishia programu sote, hata sisi tusiowahi kuigusa Mac.

Ndiyo maana sipendi kuona mashine nzima ikitupwa kwa sababu tu aliyeiuza ameichoka. Yeye aliuza, akalipwa. Kuamua lini imekufa ni kazi ya mwenye nayo.

Kama nimekosea kuiweka mini juu ya G5, nirekebisheni. Ila msiniambie habari ya kasi.