Mgeni wa kompyuta naye apewe jembe

Twende moja kwa moja. Kama unasomea kompyuta Lodwar au Kakuma, au unafundisha wenzako kwenye chumba chenye mashine moja ya maana na laptopu kadhaa zilizochoka, kuna faili moja isiyofika mistari hamsini ambayo itakusaidia kuliko cheti kingine cha Word na Excel. Nikueleze kwanza, kisha tubishane.

Mashine moja yenye nguvu inaweza kubeba kompyuta nyingi ndani yake. Hizo za ndani ni mashine pepe, au wageni. Inayobeba ni mwenyeji. Kwa Linux kazi hiyo hufanywa na KVM, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2007. Wanafunzi kumi, kila mmoja na kompyuta yake ya kuharibu na kuunda upya, na hakuna aliyenunua mashine kumi.

Kwetu hilo si la kujionyesha, ni hesabu ya stima. Kwa miaka mingi Lodwar imewashiwa taa na jenereta za dizeli, huku bwawa la Turkwel, lililokamilika 1991, likipeleka umeme wake kusini. (Hasira hiyo tuiwekee siku yake.) Kakuma nako ni sola na gridi ndogo za mtaa. Ukiwa na mashine moja ya kuwasha badala ya kumi, na joto la Lodwar unalijua, unaona tofauti kabla ya bili kufika.

Shida inaanza mgeni anapopewa kerneli iliyopangwa kwa kompyuta ya kawaida. Kerneli ndiyo inayosimamia kila kitu kati ya programu na mashine, na kabla ya kuijenga unachagua ndani ya vipengele zaidi ya elfu kumi. Kadi za sauti, modemu za zamani, kamera, vifaa ambavyo mimi na wewe hatutawahi kuvishika. Mgeni hana hata kimoja. Anachohitaji ni viendeshi vya virtio, yaani njia ya kuongea na mwenyeji waziwazi kuhusu diski na mtandao. Akivikosa, inabidi mwenyeji aigize kuwa kadi ya mtandao ya zamani, na maigizo hayo yanakula prosesa bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Virtio ndiyo jembe lenyewe.

Sasa, majembe haya yametawanyika kwenye menyu kama vyombo vya mtu aliyehama usiku. VIRTIO_BLK iko kwenye vifaa vya diski, VIRTIO_NET kwenye vifaa vya mtandao, na KVM_GUEST kwenye mambo ya prosesa. Mwaka 2013 wasanidi wa upande wa x86 walipanga upya sehemu ya wageni. Vipengele vya Xen, vya KVM na vya wenzao vikawekwa nyuma ya swichi moja, HYPERVISOR_GUEST. Usipoiwasha, KVM_GUEST huioni kabisa, na utakesha ukiitafuta. Siku hizi kuna njia fupi zaidi: unaandika make defconfig, halafu make kvm_guest.config. Amri ya pili inachukua ile faili fupi niliyokutajia, iliyo ndani ya folda ya kernel/configs, na kuongeza yote ya lazima kwa mpigo.

Hiyo kazi ya 2013 mimi ndiyo inanifurahisha zaidi. Hakuna hesabu ya ajabu pale, ni kupanga tu. Niliacha chuo, na hata mimi naweza kuisoma ile faili nikaielewa yote. Wewe uliye Lodwar unashindwa na nini?

Ukijaribu, angalia jambo moja. Kiendeshi cha diski kiwe "y", kijengwe ndani ya kerneli. Ukikiweka "m" na huna initramfs, mgeni ataamka, atakosa diski, na atakufa akilalamika kwamba hawezi kupandisha root fs. Wengi hapo hudhani mashine imeharibika, kumbe ni herufi moja. Pia, kama RAM ya mwenyeji ni ya kubana, ongeza VIRTIO_BALLOON kwa mkono ili mgeni aweze kurudisha kumbukumbu asiyoitumia.

Kuna watakaoniambia chukua tu kerneli ya Ubuntu, ina kila kitu. Kweli, na itawaka. Lakini kuijenga hiyo kwa laptopu mzee ni kazi ya masaa, na mwanafunzi hajifunzi chochote kwa kutazama maandishi yakipita. Hiyo ndogo anaijenga, anaivunja na kuijenga tena siku hiyo hiyo kabla betri haijaisha.

Halafu kuna suala la kazi. Seva nyingi za wingu unazosikia zikitangazwa ni wageni hawa hawa. Kufungua akaunti huko kwa kawaida wanataka kadi ya benki, na Kakuma si kila mtu ana karatasi za kupata kadi. Kambi ilifunguliwa 1992. Kuna watu wa miaka thelathini waliozaliwa pale na bado wanaitwa wageni, kwa hivyo nalitumia neno hili kwa uangalifu. Nasema programu, sisemi majirani. Ila kwa mashine moja ndani ya chumba chao wanaweza kujifunza kazi ile ile bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ninachotaka kwa wanaofundisha, Lodwar na Kakuma, ni kidogo. Kifurushi cha kerneli ni zaidi ya MB 130 hata kikiwa kimebanwa. Kishusheni mara moja, msiwaache vijana ishirini wachome bando zao kwa kitu kimoja. Kiwekeni kwenye diski ya kupitishana pamoja na mipangilio iliyojaribiwa, na juu ya faili mwandike ni ya kerneli gani na nani aliibadilisha mara ya mwisho. Kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 120, na matatu zipo. Diski inatoshea mfukoni.