DOZI YA KILA MTU NA HAKI YA ASKARI

Hakuna mtunza ghala wa jeshi anayewapa makuruta wote buti za namba moja. Hata hivyo, wapo kambini wanaoamini kwamba vidonge vilivyomfaa mwenzao vitawafaa nao kwa kiasi kile kile. Yafaa ieleweke kwamba zipo dawa ambazo kiasi chake hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na warfarini ni mojawapo.

Dawa hiyo, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, huzuia damu kuganda. Jenerali Eisenhower, akiwa Rais wa Marekani, alipewa baada ya kushikwa na maradhi ya moyo mwaka 1955. Ikipungua, damu huganda mishipani. Ikizidi, mgonjwa hutokwa na damu hata akafa.

Dawa ya namna hii itajaribiwaje? Kuwalinganisha waliomeza nyingi na waliomeza kidogo hakufai, kwa kuwa aliyeongezewa ni yule ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kuisikia dawa. Zinazopaswa kushindanishwa ni kanuni mbili za kuamua dozi, na wagonjwa wagawanywe kwa kura, si kwa hiari ya daktari.

Mwaka 2013 yalitangazwa majaribio mawili ya aina hiyo. Katika lile la Uingereza na Sweden, lenye watu 455, waliopangiwa dozi kwa kupimwa jeni walikaa katika kiwango salama asilimia 67.4 ya muda, na wenzao asilimia 60.3. Katika lile la Marekani, lenye watu 1,015, matokeo yalikuwa 45.2 na 45.4, yaani sare. Wasomaji wasistaajabu. Kule Ulaya wenzao walianzishiwa dozi ya mazoea; kule Marekani walipangiwa kwa umri, ukubwa wa mwili na mengineyo. Mpinzani hakuwa mmoja.

Lakini linalotuhusu zaidi ni hili: miongoni mwa Wamarekani weusi, waliopangiwa kwa jeni walipata asilimia 35.2 tu, na wenzao 43.5. Kanuni ile haikuzipima baadhi ya jeni zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kama weusi wasingehesabiwa peke yao, dhara hilo lingefichwa ndani ya ile sare.

Kwa hiyo sisi twataka Waafrika waingizwe katika majaribio kwa idadi ya kutosha, iliyopangwa tangu mwanzo. Na hapo kambi zetu zitatamaniwa, maana watu wake wamo foleni tayari. Tunasema wazi kwamba utii wa askari ni wa kazi yake. Haumlazimishi kujaribiwa dawa. Anayo haki ya kuuliza ni kanuni gani itaamua dozi yake, mwenzake atapewa nini, na kama aweza kujitoa bila adhabu. Kamanda atakayepokea barua ya watafiti asisome majina gwarideni. Awaache wazungumze na kila askari peke yake, pasipo ofisa mlangoni.