Vumbi la Maganda ya Risasi

Nchini Marekani, baadhi ya wazazi huokota maganda ya risasi za bastola, wakayasafisha na kuyajaza baruti upya nyumbani. Huogopa mlipuko, wakasahau vumbi. Masizi yanayobaki ndani ya ganda mara nyingi huwa na madini ya risasi. Ganda likisafishwa, vumbi lake hutua mezani, kwenye nguo na mikononi. Mtoto anayetambaa hulilamba vidoleni, nalo hudhuru ubongo wake hata likiwa kidogo, pengine bila dalili yoyote.

Kazi hiyo ifanyiwe mbali na watoto. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiliwe. Mzazi anawe kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Akiwa na shaka, ampeleke akapimwe damu.