Mbegu ya Pamba Isipimwe kwa Mzani Peke Yake

Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903, na kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la wakulima wengi. Mche wenye vitumba vingi na vizito humletea mkulima kilo nyingi. Lakini mchagua mbegu akifuata uzito tu, mara nyingi nyuzi hupungua ubora, na bei hushuka. Ndiyo sababu watafiti wa Bukalasa na Serere, waliotupatia mbegu za BPA na SATU, walipima pia kinga ya maradhi, urefu wa nyuzi na kiasi kitokacho kinuni.

Ndugu askari, jamaa zenu ni wakulima. Mwendapo likizo, wahimizeni wapande mbegu iliyothibitishwa, wala wasiichanganye. Kuchanganya mbegu ni kubomoa kazi ya miaka mingi kwa msimu mmoja.