Baada ya Filimbi ya Juni: Vijana Wetu na Mpira wa Wavu



Juma hili tunapenda kuwaalika mtafakari pamoja nasi jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni hali ya mpira wa wavu miongoni mwa vijana wa shule na vyuo vyetu hapa Tanzania. Tunafahamu kwamba soka ndilo linalozungumzwa vijiweni, sokoni na hata uwanjani mwa kanisa baada ya Misa. Hata hivyo, mchezo usiozungumzwa sana unaweza kutufunulia zaidi namna tunavyowalea vijana wetu, kwa kuwa hauna makelele ya kuficha kasoro zake.

Tuanze na yale yanayotia moyo. Kila mwaka watoto wa shule za msingi hukutana katika UMITASHUMTA, na wale wa sekondari katika UMISSETA. Mchujo huanzia shuleni, hupanda katani, wilayani na mkoani, hadi timu za mikoa zinapokusanyika mahali pamoja, aghalabu mwezi wa Juni. Mtwara iliwapokea mwaka 2019 na tena mwaka 2021, baada ya mwaka 2020 kupita bila michezo kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 2000, mashindano haya yaliposimamishwa kwa muda mrefu, wanajua kwamba kurudi kwake halikuwa jambo la kubezwa. Mpira wa wavu umo katika mashindano hayo, kwa wavulana na kwa wasichana, na anayewatazama watoto wale wakicheza hawezi kusema kwamba nchi hii imenyimwa vipaji.

Swali letu ni hili: je, filimbi ya mwisho ya Juni ikishapulizwa, watoto hao huenda wapi?

Tumfuate binti mmoja wa kidato cha nne, mrefu, mwepesi wa mkono, aliyeuchezea mkoa wake. Novemba anafanya mtihani wa taifa. Matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa miezi saba au minane binti huyo yuko nyumbani, hana mwalimu wa michezo, hana wenzake watano wa kusimama nao upande mmoja wa wavu, na mara nyingi hana hata mpira. Akibahatika kuendelea, miaka miwili baadaye hadithi hujirudia: mtihani wa kidato cha sita ni mwezi wa Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Asiyebahatika kuendelea, mchezo kwake umekwisha akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, umri ambao mchezaji wa wavu ndiyo kwanza anaanza kuuelewa mwili wake.

Basi vyuo vyetu vinapounda timu, huokota wachezaji badala ya kuwapokea. Mwalimu wa chuo hubandika tangazo ubaoni, wanajitokeza vijana walioacha kucheza kwa mwaka mzima pamoja na wengine wasiowahi kucheza kabisa, na baada ya majuma machache wanapelekwa kwenye mashindano ya vyuo. Daraja kati ya shule na chuo halipo. Mkulima anayetunza kitalu vizuri kisha akaacha kuhamishia miche shambani, asishangae msimu wa mavuno ukifika mikono mitupu.

Wapo watakaosema kwamba sisi ni nchi maskini na michezo ni anasa. Tunaomba tupige hesabu pamoja. Uwanja wa wavu una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Ukiongeza mita tatu za nafasi kila upande, unahitaji eneo la mita 24 kwa 15. Katika uwanja mmoja wa soka wenye mita 100 kwa 64 unaweza kupanga viwanja vya wavu kumi na sita. Katika eneo ambalo vijana 22 wanacheza soka, vijana 192 wangeweza kucheza wavu kwa wakati mmoja. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka sana, na shule nyingi za mjini zimelazimika kujenga madarasa hadi ukingoni mwa viwanja vyao. Shule iliyobakiwa na kipande kidogo cha ardhi haiwezi tena kuwa na uwanja wa soka, lakini wa wavu inaweza. Vifaa vyake ni nguzo mbili, kamba, mpira na wavu. Na kwa wenzetu wa Ziwa Viktoria na wa pwani, wavu si neno la kutafuta mbali.

Umaskini, basi, hautoshi kuwa jibu. Tutazame majirani zetu.

Nchini Kenya, timu ya taifa ya wanawake imeshiriki Olimpiki mara nne: Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo katika michezo iliyochezwa mwaka 2021, na Paris mwaka 2024. Mwaka 2023 huko Yaoundé ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi. Ni kweli kwamba katika Olimpiki hizo zote hawajashinda mchezo hata mmoja, na hilo lafundisha umbali uliobaki kwa bara zima. Lakini msichana wa Kenya anayecheza vizuri shuleni anaiona njia iliyo mbele yake. Jina la shule ya Kwanthanze ya Machakos limevuma katika mashindano ya shule za Afrika Mashariki, na juu ya shule kuna timu za Kenya Prisons, Kenya Pipeline na benki ya KCB, iliyokuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 2022. Kwa timu za namna hiyo mchezo huzaa ajira na mshahara. Mzazi anayeona hivyo hamwiti bintiye mpotevu anapochelewa mazoezini.

Nchini Rwanda, mji wa Huye, uliojulikana zamani kama Butare, unatufundisha jambo jingine. Pale seminari ndogo ya Virgo Fidelis ya Karubanda na shule kongwe ya Groupe Scolaire Officiel zimelea wachezaji wa wavu kwa vizazi. Chuo Kikuu cha Taifa kilichokuwa hapo hapo, kabla ya kuunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, kilikuwa na timu iliyohesabiwa miongoni mwa timu kubwa za nchi. Shule na chuo vilikuwa jirani, na kijana alitoka uwanja huu akaingia ule bila kuvuka mto usio na daraja. Seminari ya Karubanda hufanya mashindano ya kumkumbuka mwalimu Alphonse Rutsindura, aliyewalea vijana katika mchezo huo na kuuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu waliopitia giza la namna ile waliona kwamba kumkumbuka mwalimu kwa mpira na wavu ni jambo la heshima. Je, sisi tunawakumbuka walimu wetu wa michezo kwa namna gani?

Hapa hatuna budi kugusa donda linalouma, nalo ni mamluki na vijeba. Kila anayefuatilia michezo ya shule anayajua maneno haya. Mamluki ni mchezaji aliyeletwa kuichezea shule au mkoa usio wake. Kijeba ni mtu mzima aliyevalishwa sare ya mwanafunzi. Watu huwacheka, na wengine husema kwamba kila mkoa unafanya hivyo. Lakini hebu tumwangalie mtoto mmoja ambaye hatajwi katika vicheko hivyo: yule aliyefanya mazoezi mwaka mzima, ambaye jina lake lilifutwa usiku wa kuamkia safari ili kijeba apate nafasi. Mtoto huyo amefundishwa na watu wazima aliowaheshimu kwamba juhudi ni upuuzi na ujanja ndio akili. Somo hilo atalibeba hadi ofisini, hadi dukani, hadi kwenye familia yake.

Wala udanganyifu huo hauishii shuleni. Mwaka 2021, katika mashindano ya wanawake ya Afrika yaliyofanyika Kigali, timu ya wenyeji iliondolewa baada ya kuwachezesha wachezaji wanne kutoka Brazil ambao uhalali wao haukuthibitishwa. Mashindano yalisimama kwa muda mbele ya bara zima. Nchi ile ile yenye mfano mzuri wa Huye ilipata aibu ile, na hilo latuonya kwamba hakuna aliye salama pale ushindi unapotafutwa kwa njia ya mkato. Samaki mkunje angali mbichi. Anayemzoesha mtoto wa miaka kumi na minne kuishi na jina la mwingine asishangae akimkuta mtu mzima asiyejua mpaka.

Tunatambua pia hofu za wazazi, na si hofu za kudharauliwa. Wapo wanaoogopa kwamba michezo itapunguza alama za darasani. Wapo wanaohofia usalama wa mabinti wanaosafiri mbali na kulala katika madarasa yaliyogeuzwa mabweni. Kwa hofu ya kwanza tunajibu kwamba saa moja na nusu ya mazoezi yenye ratiba haimwibii mwanafunzi kitu, ilhali jioni nzima ya kuzurura humwibia mengi. Kwa hofu ya pili hatuna jibu jepesi, wala hatupendi kulitoa. Mzazi ana haki ya kujua binti yake anasafiri na nani, analala wapi, na ni mwalimu gani wa kike anayewajibika usiku. Msafara usioweza kujibu maswali hayo haustahili kupewa mtoto.

Ni nini basi kifanyike? Tunapendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tujaze pengo la Januari hadi Juni. Parokia nyingi na vigango vingi vina viwanja vinavyokaa wazi juma zima hadi Dominika. Nguzo mbili zikisimikwa hapo, vijana waliomaliza kidato cha nne wa dini na madhehebu yote wapate ligi ndogo ya kila Jumamosi, wavulana zamu yao na wasichana zamu yao. Mwalimu mstaafu wa michezo hakosekani kitongojini. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kumbishia hodi.

Pili, tulinde ukweli wa umri. Vitabu vya ubatizo vya parokia hutumika kama ushahidi wa kuzaliwa pale cheti cha serikali kinapokosekana. Kwa hiyo ofisi ya parokia isikubali kamwe kuandika tarehe isiyo ya kweli ili mtu apate kucheza, hata anayeomba awe ni mfadhili wetu au kiongozi wetu. Na wazazi Wakatoliki wakatae watoto wao kuitwa kwa majina ya watu wengine, hata kama safari ni ya bure na jezi ni mpya.

Tatu, vyuo viwatafute wachezaji kule waliko. Ofisa michezo wa chuo akihudhuria UMISSETA na daftari lake, akawaandikia barua wahitimu wenye sifa za masomo, atakuwa ameanza kujenga daraja tunalolililia. Vyuo vikuu vya Kanisa, kikiwemo chetu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, vingeweza kutangulia kwa kutoa nafuu ya ada kwa wachache wenye kipaji na bidii ya darasani.

Nne, timu za majeshi yetu, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa nguzo ya mchezo huu nchini, ziyatazame makambi ya JKT. Tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wamekuwa wakipelekwa huko kwa mujibu wa sheria, na miongoni mwao wamo wachezaji waliopotea njia kati ya shule na chuo. Wapo pale pale, wamepanga mstari kila alfajiri. Ni suala la kuwatundikia wavu.

Wapendwa, katika mpira wa wavu hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuugusa mpira mara mbili mfululizo katika kuujenga mchezo. Anayeupokea lazima amwamini wa pili, na wa pili amwinulie wa tatu. Timu ina miguso mitatu tu ya kuuvusha. Kwa vijana wetu, shule imeshagusa mara ya kwanza, na imegusa vizuri. Mguso wa pili ni wa familia, parokia na kitongoji katika miezi ile ya kungoja. Wa tatu ni wa chuo na mwajiri. Kwa sasa mpira unaanguka kati yetu, kila mmoja akimtazama mwenzake akidhani ni wake.

Tunawaomba mlizungumze jambo hili katika jumuiya ndogondogo juma hili, na mtuletee majina ya vijana walioko nyumbani wakingoja Julai. Tukutane tena juma lijalo.