USO SI SHABAHA YA NGUMI

 

Sisi tunaosomesha madrasa tunaulizwa na vijana: “Ustadh, mbona mabingwa wa MMA ni Waislamu, tena husujudu ulingoni? Kuna ubaya gani?” Tunawajibu kuwa sijda ya mshindi haihalalishi pigo lililomwangusha mwenzake.

Tuutazame mchezo wenyewe. Kanuni zilizoanza kutumika New Jersey mwaka 2000, ambazo ndizo msingi wa mapambano mengi leo, zinakataza kupiga kinena, kisogo na uti wa mgongo. Lakini uso wa aliyesimama umeachwa wazi kwa ngumi, kiwiko, goti na teke. Waliotambua hatari ya kisogo, vipi wasitambue hatari ya taya na jicho?

Husemwa kuwa glavu hupunguza madhara. Glavu hizo zina uzito wa takriban wakia 4 tu, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi mkono wa mpigaji. Pigo la taya huzungusha kichwa ghafla, ubongo ukatikisika ndani ya fuvu, na mtu akazimia. Hapo ndipo watazamaji hushangilia! Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland alieleza maradhi ya mabondia waliopigwa sana kichwani. Je, sharia iliyoharamisha ulevi ili kulinda akili, itahalalisha kuiondoa akili kwa ngumi?

Wako wanaotoa hoja ya Mtume (s.a.w.) kushindana mieleka na Rukana. Tukiacha maneno ya wanavyuoni kuhusu sanadi yake, mieleka ni kukamata na kuangusha, si kupasua nyuso. Ama uso, imethibiti kwa Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha uepukwe hata katika kupigana. Ikiwa katika ugomvi uso una hishima, itakuwaje katika burudani ya tiketi?

Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Makka liliharamisha ndondi kwa kauli moja, kwa sababu ya madhara hayahaya. Na kwamba mapambano ya MMA yalifanyika Abu Dhabi mwaka 2010 na mara nyingi baadaye, hiyo si dalili. Halali haitolewi na mji.

Hatuwaiti vijana kwenye udhaifu. Wakimbie, waogelee, wajifunze mieleka na judo, wajue kujihami. Muumini mwenye nguvu ana kheri zaidi.

Lakini tusiwanyooshee kidole vijana peke yao. Mwalimu anayemzaba mwanafunzi kibao cha uso kwa kukosea herufi, na mume anayempiga mkewe usoni, wamevunja amri ileile, tena bila ya glavu wala refa. Tukitaka mtoto aamini kuwa uso una hishima, na aanze kuiona hishima hiyo kwenye mikono yetu.